MAZUNGUMZO YA NYUMBANI: Mchezo Ulioilemea Kompyuta



Mwezi huu nataka kuzungumza nanyi juu ya kompyuta, na hasa juu ya ile michezo ya mapigano na hadithi ndefu ambayo vijana wetu hukesha nayo. Yamkini baadhi yenu mtastaajabu kuyaona maneno haya katika ukurasa huu, mkasema, "Maalim ameacha vitabu, ameingia michezoni!" La, sikuingia kwa hiari yangu. Nimeingizwa na fedha za mama mmoja mjane wa hapa kwetu Chang'ombe, mjini Dodoma, zilizotumika pasipo faida. Nami nina sehemu yangu katika kosa hilo, kwa hiyo ni wajibu wangu kuwaeleza wengine ili lisirudiwe.

Kisa chenyewe ni hiki. Kijana wa mama huyo alisoma kwangu tangu hajui alifu wala bee. Leo ana miaka 19. Marehemu mjomba wake alimwachia kompyuta ya mezani, si mpya, wala si mbovu. Mchana huitumia kujifunzia ufundi, na usiku hucheza mchezo uitwao The Witcher 3, uliotolewa mwaka 2015 na kampuni ya CD Projekt ya nchi ya Poland. Kijana akaona kwamba mchezo wakwamakwama. Akaenda kwa muuza vipande vya kompyuta, akaambiwa, "Kadi yako ya picha ni dhaifu. Nunua kubwa zaidi, mambo yatakwisha." Bei yake ilikuwa shilingi 400,000. Mama alikuwa nazo fedha hizo, alizoziweka baada ya kuuza zabibu za shamba lao la Mpunguzi. Zilikuwa ni ada ya chuo ya kijana huyo huyo.

Mama akaja kwangu jioni.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Maalim, mimi mambo ya mashine siyajui. Mwanao asema kompyuta ikiwa nzuri atafanya kazi za watu, na ada ataipata mwenyewe. Nimpe au nisimpe?"

Nami kwa kuwa niliona haya kusema sijui, nikajibu, "Mpe. Mwenye duka ndiye ajuaye bidhaa yake."

Akampa. Kadi ikanunuliwa, ikatiwa, mchezo ukawashwa. Msituni na mashambani picha zikawa nzuri kuliko kwanza. Walakini farasi alipoingia katika mji mkubwa wa hadithi hiyo, uitwao Novigrad, penye soko na watu tele, mchezo ukakwama vile vile kama jana. Fedha zimekwenda, na ugonjwa uko pale pale.

Yuko kijana mwingine wa mtaani kwetu aliyesomea mambo ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Dodoma, kile kilichoanzishwa mwaka 2007. Nikamwita barazani kwangu baada ya sala ya isha, akanifundisha jioni tatu mfululizo, mimi nikiwa mwanafunzi na yeye akiwa mwalimu. Aliposikia tu kwamba msituni mchezo wakwenda na mjini wakwama, alicheka kwa huzuni akasema, "Maalim, dalili ilikuwa wazi tangu mwanzo. Ilikuwa ni prosesa." Haya nitakayoyaeleza ndiyo niliyoyapata kwake, na mengine nimeyasoma mwenyewe baadaye.

BAO NA MCHEZO HUU

Kwanza tuutambue mchezo wenyewe. Sote twalijua bao la Kiswahili: mashimo 32 na kete 64. Kete hizo hukaa kimya katika mashimo yake mpaka mchezaji anyooshe mkono. Ukitaka kufikiri nusu saa, fikiri, bao litakungoja. Hakuna kete itakayojiondokea yenyewe.

Mchezo huu wa kijana si hivyo. Ndani yake mchezaji huvaa uhusika wa mtu fulani katika hadithi, akasafiri, akapigana, akanunua, akauza, akapewa kazi na kuzitimiza. Na ulimwengu ulio karibu naye haumngoji. Muuza samaki atembea, mlinzi azunguka, mbwa mwitu afuata harufu, mvua yanyesha, jua lazama. Mchezaji akisimama bila kugusa kitufe chochote, mambo hayo yote yaendelea. Ni kana kwamba kete zote 64 za bao zajichezea zenyewe kwa wakati mmoja, na kila moja ina shauri lake.

Sasa ni nani anayezishughulikia kete hizo? Ni prosesa, yaani ule ubongo wa hesabu ulio ndani ya kompyuta. Nayo hupewa muda mfupi mno. Picha tuionayo katika kioo cha kompyuta si picha moja inayosogea, bali ni picha nyingi zinazofuatana upesi, kama ilivyo katika sinema. Mchezo ukiwa mzuri huonyesha picha 60 kwa kila sekunde. Gawanya sekunde moja kwa 60, utapata milisekunde 16 na ushei, yaani kadiri ya sehemu 17 za sekunde iliyogawanywa mara 1,000. Katika muda huo, ambao ni mfupi kuliko kupepesa jicho, prosesa yapaswa kumaliza shughuli zote za ulimwengu ule, kisha ianze tena upya kwa picha ifuatayo. Ikichelewa, picha yachelewa. Na picha ikichelewa, macho huona mchezo umekwama.

KAZI ZENYEWE NI ZIPI?

Kazi ya kwanza ni kuangalia mkono wa mchezaji: amebonyeza nini? Ya pili ni kumwamulia kila mtu na kila mnyama wa hadithi: aende, asimame, akimbie au apige? Ya tatu ni kumtafutia njia. Mlinzi akitaka kutoka langoni kwenda sokoni, hapiti ukutani. Lazima njia itafutwe baina ya nyumba na nyumba. Hesabu mashuhuri ya kutafuta njia fupi, ambayo michezo mingi huitumia hata leo, ilitungwa mwaka 1968 na mabwana watatu wa California, nao ni Peter Hart, Nils Nilsson na Bertram Raphael. Walikuwa wakiitafutia njia mashine itembeayo, wala hawakuwa na habari ya michezo.

Na hapa nawaomba vijana wetu wakumbuke neno moja. Utaratibu wa kufuata hatua kwa hatua mpaka jibu lipatikane huitwa algorithimu, na jina hilo limetokana na jina la mwanachuoni wa Baghdad, al-Khwarizmi, aliyeishi katika karne ya 9. Basi kila prosesa itafutapo njia ya mlinzi sokoni, yafanya kazi ambayo jina lake limetoka katika umma wetu.

Kazi ya nne ni kupima kugusana. Upanga umemgusa adui au umepita hewani? Jiwe limeanguka juu ya nini? Hapa pana hesabu ambayo kila mtoto wa shule aweza kuifanya. Vitu vikiwa 10, jozi zinazoweza kugusana ni 45. Vitu vikiwa 100, jozi si 450, bali ni 4,950. Vikiwa 1,000, jozi ni 499,500. Mwaona jinsi mzigo unavyopanda? Vitu vyaongezeka mara 10, na kazi yaongezeka kadiri ya mara 100. Ndiyo maana watunzi wa michezo huugawa uwanja katika vipande vidogo vidogo, ili kila kitu kipimwe na jirani zake tu, si na walio mbali. Walakini sokoni majirani nao ni wengi.

Kazi ya tano ni ile iletwayo na hadithi yenyewe. Katika mchezo wa mpira, mpira ukipigwa umepigwa. Katika mchezo huu, pigo moja lina masharti mengi: nguvu za mpigaji, ukali wa upanga, uzito wa nguo za chuma za mpigwaji, sumu, dawa aliyokunywa asubuhi, na ahadi aliyoivunja katika kijiji cha kwanza. Yote ni "ikiwa hivi, basi vile, ikiwa sivyo, basi hivi." Prosesa ya siku hizi haingoji kila "ikiwa" ipate jibu, huotea jibu ikatangulia na kazi. Ikiotea sawa, imeokoa muda. Ikikosea, kazi iliyotangulizwa hutupwa, na ikaanza tena. Mchezo wenye masharti mengi yasiyotabirika huifanya ikosee mara nyingi.

Juu ya hayo kuna kuvitembeza viungo vya kila mwili, kuchanganya sauti, kufungua mizigo ya picha iliyobanwa katika diski kadiri farasi anavyosonga mbele, na mwisho kuiandikia kadi ya picha orodha ndefu ya vitu vya kuchora. Kadi haichori kabla ya kupewa orodha. Prosesa ikichelewa kuandika, kadi hukaa bure ikingoja. Basi yule mama alimnunulia mchoraji hodari ilhali mwandishi wa orodha ni yule yule aliyechoka.

MWALIMU NA WATOTO ELFU

Nilimuuliza mwalimu wangu, "Kama kadi ya picha ina nguvu nyingi hivyo, kwa nini haimsaidii prosesa kazi?" Akanijibu kwa mfano wa kazi yangu mwenyewe.

Akasema, "Maalim, chukua watoto 1,000, uwaambie wote waandike alifu. Wataandika kwa mara moja, na kazi itakwisha kufumba na kufumbua. Hiyo ndiyo kadi ya picha: ina wafanyaji wadogo wengi, wote wakitenda jambo moja la namna moja juu ya vidoa vya rangi. Lakini watoto hao hao uwape kesi ya urithi, yenye mke, mabinti, ndugu na deni. Wanaweza?" Nikasema hawawezi, maana kesi hiyo hutaka mtu mmoja mwenye elimu, aangalie sharti baada ya sharti. Akasema, "Huyo ndiye prosesa."

Nikauliza tena, "Basi tuongeze prosesa, ziwe nane." Akaniambia kwamba zimekwisha kuongezwa. Prosesa za siku hizi zina viini vinne, vinane, hata zaidi, na kila kiini ni kama mwalimu mmoja. Lakini si kila kazi yagawanyika. Watoto 40 wakiwa na masomo mbalimbali, walimu wanane watawagawana, na kazi itakwenda upesi. Ila mtoto mmoja akiwa asoma sura ndefu kwa moyo, walimu wanane hawawezi kumfanya aimalize upesi kwa kumgawia aya, kwa kuwa aya ya pili yaja baada ya kwanza. Katika mchezo pia, mlinzi hawezi kuamua kupiga kabla haijajulikana adui amesimama wapi. Na adui hasimami mahali mpaka ijulikane kama ukuta umeanguka.

Bwana mmoja wa Marekani, Gene Amdahl, aliiweka kanuni hiyo wazi mwaka 1967. Ikiwa nusu ya kazi haigawanyiki, basi hata ukileta wafanyakazi wasio na idadi, kazi haitakwenda zaidi ya mara mbili ya kasi yake ya kwanza. Kwa hiyo si ajabu kuikuta prosesa yenye viini vinane ambayo kiini chake kimoja chatoka jasho, na vingine vyapumzika.

Pana na jambo la masafa. Prosesa ya leo yaweza kupiga mapigo bilioni 4 kwa sekunde moja. Lakini ikihitaji habari iliyo katika kumbukumbu kuu ya kompyuta, hungoja mapigo mia kadhaa mpaka habari ifike. Ni kama mwalimu ambaye kitabu chake hakipo mapajani, kimo nyumba ya tatu. Kila neno lazima amtume mtoto. Kwa hiyo mafundi huweka kumbukumbu ndogo ndani ya prosesa yenyewe, mfano wa kitabu kilicho mapajani. Mchezo wenye mji mzima wa watu una habari nyingi zilizotawanyika, hazitoshi mapajani. Mwaka 2022 kampuni ya AMD ilitoa prosesa iitwayo Ryzen 7 5800X3D, yenye kumbukumbu ya ndani ya megabaiti 96. Mapigo yake kwa sekunde yalikuwa machache kuliko ya ndugu yake aliyeitangulia, na hata hivyo katika michezo mingi ilimshinda. Basi si mwendo wa mapigo peke yake uletao kasi.

KWA NINI HAZIKUENDELEA KUONGEZWA MBIO?

Prosesa ya kwanza ya Intel, iitwayo 4004, ilitoka mwaka 1971, nayo ilikuwa na transista 2,300. Tangu hapo kila miaka michache mbio zake ziliongezeka, na watunzi wa michezo wakazoea kwamba mchezo mzito wa mwaka huu utakuwa mwepesi kwa mashine ya mwaka kesho. Ilipofika mwaka 2004 mwendo huo uligonga ukuta, na ukuta wenyewe ni joto. Intel ilikuwa imeahidi prosesa ya Pentium 4 yenye mapigo bilioni 4 kwa sekunde. Mwaka huo huo ikaifuta ahadi hiyo. Kuongeza mapigo kulimaanisha kuongeza moto kuliko feni iwezavyo kuuondoa. Tangu mwaka 2005 kompyuta za mezani zikaanza kupewa viini viwili, kisha vinne. Lakini kama tulivyoona, viini vingi havisaidii kazi isiyogawanyika.

Wala msidhani kwamba shida hii ni ya Chang'ombe na mashine zetu za mitumba peke yake. Mwezi Machi 2024 kampuni kubwa ya Japani, Capcom, ilitoa mchezo uitwao Dragon's Dogma 2. Watu wenye mashine za bei ya juu kabisa walilalamika kwamba wakiingia mjini mchezo wapungua mwendo. Kampuni ikaeleza wazi: kila mtu wa hadithi hupewa sehemu kubwa ya nguvu za prosesa, kwa sababu mchezo hukadiria athari za kuwapo kwake mahali hapo, wakikusanyika wengi, prosesa hulemewa. Na ile kampuni ya CD Projekt, iliyotunga mchezo wa kijana wetu, ilitoa mchezo mwingine, Cyberpunk 2077, mwezi Desemba 2020. Katika mashine za PlayStation 4, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2013, mchezo huo ulikwenda vibaya hata Sony wakauondoa dukani mwao kwa muda wa miezi sita na wanunuzi wakarudishiwa fedha zao. Ikiwa mabingwa hao hukosea kipimo cha mzigo na mbebaji, sembuse sisi?

Na kwa upande mwingine, mtunzi mwenye busara huweza kupunguza mzigo tangu mwanzo. Mwaka 2016 vijana wa Kiafrika wa Kamerun, wa kampuni ya Kiro'o Games ya mjini Yaoundé, walitoa mchezo wao wa namna hii hii, wenye hadithi na mapigano, uitwao Aurion. Wao waliuchora kwa picha bapa zinazotazamwa kwa ubavu, badala ya kujenga mji mzima wa kuzunguka. Mapigano yamo na hadithi imo, na hesabu za mwendo na kugusana zikawa chache.

Nchi yetu nayo ilionja somo hili mapema. Kompyuta ya kwanza iliingia Tanzania mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Hesabu zikavurugika na fedha nyingi zikapotea, hata mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hayo yaliondolewa zamani, lakini sababu yake yafaa kukumbukwa: mashine ilinunuliwa kabla ya kazi yake kueleweka.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUTOA FEDHA

Sasa nawaandikia wazazi na vijana njia ambazo hazigharimu hata senti moja, nazo zingemwokolea mama yule shilingi 400,000.

Kwanza, upimeni mchezo. Ingieni mahali panapokwama, kisha katika marekebisho ya mchezo punguzeni ukubwa wa picha mpaka iwe hafifu. Mchezo ukienda upesi zaidi, mzigo ulikuwa juu ya kadi ya picha. Ukibaki vile vile, mzigo uko juu ya prosesa, na kadi mpya haitafaa kitu. Jaribio hili huchukua dakika tano.

Pili, kompyuta yenyewe ina ukurasa unaoonyesha kazi zinazoendelea ndani yake. Msiangalie jumla tu. Prosesa yenye viini vinane ikiwa kiini kimoja kimejaa kabisa na vingine havina kazi, jumla itasomeka kama asilimia 12 au 13, nanyi mtadhani imepumzika. Tazameni kila kiini peke yake.

Tatu, ikiwa ni prosesa, punguzeni yale yanayoilemea: wingi wa watu barabarani, umbali wa kuona, na vivuli. Wekeni kikomo cha picha 30 kwa sekunde badala ya 60. Prosesa itapata milisekunde 33 badala ya 16, yaani muda maradufu. Mwendo utakuwa wa chini, lakini utakuwa sawasawa, wala macho hayataona mkwamo.

Nne, jihadharini na vumbi. Hapa Dodoma kiangazi ni kirefu na upepo wetu mwaujua. Vumbi hukaa baina ya mapezi ya chuma yanayopoza prosesa, joto likakosa pa kutokea. Prosesa ikiona joto lake lakaribia nyuzi 100 hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Hapo mchezo hukwama ingawa mashine ni nzuri. Zimeni kompyuta, chomoeni waya, zuieni feni kwa kidole isizunguke, kisha ondoeni vumbi kwa brashi laini kavu. Msitumie kitambaa chenye maji.

Tano, kabla ya kununua prosesa mpya, jueni kwamba si kila prosesa huingia katika kila kompyuta. Tundu lake lazima lilingane na bodi kuu, ile mafundi waiitayo madabodi. Na katika kompyuta nyingi za mapajani prosesa imeunganishwa kwa risasi, haibadilishwi kabisa.

Sita, hesabuni umeme. Kompyuta ikila wati 300 wakati wa mchezo, nayo ikachezwa saa 4 kila usiku, ni uniti 1.2 kwa usiku mmoja, na uniti 36 kwa siku 30. Mzazi akiingiza namba za Luku na kuona zimekwisha kabla ya mwezi, naye aulizie habari ya mchezo.

MWISHO WA KISA

Tulifungua kompyuta ya kijana, tukakuta vumbi jekundu limeganda kama udongo wa kichuguu. Tukalisafisha, tukaweka kikomo cha picha 30, tukapunguza watu wa barabarani. Mji wa Novigrad ukapitika. Yote hayo yangewezekana kwa kadi ya zamani.

Kadi mpya tulijaribu kuirudisha, mwenye duka akakataa kwa kuwa imekwisha kutumika. Ikauzwa kwa mtu mwingine kwa shilingi 260,000. Ada haikutimia kwa wakati, na nafasi ya chuo ya mwaka huo ikampita. Kijana amehuzunika sana, na huzuni hiyo imemfaa kidogo: sasa husafisha kompyuta za watu mtaani kwa malipo madogo, na kila alipwacho humpelekea mama yake akiweke pamoja na zile 260,000. Wamebakiza kama shilingi 50,000. Nami nimetoa sehemu, maana shauri lilikuwa langu.

Nilikwenda kumtaka radhi mama. Alinipa chai, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Maalim, mimi sikukasirikia mashine. Ila siku nyingine nikikuuliza jambo usilolijua, niambie hulijui. Heshima yako kwangu haitapungua."

Ndugu zangu, nimefundisha watoto kwa zaidi ya miaka 30, na kila siku nawaambia wasione haya kusema "sijui." Neno hilo nililiogopa mwenyewe jioni ile, mbele ya mama aliyeniamini, na gharama yake mmeiona. Nanyi wazazi ambao watoto wenu wajua mashine kuliko nyinyi, msitoe fedha kwa aibu wala msizizuie kwa ujinga. Mwambieni mtoto, "Nieleze, kisha tupime." Akiweza kueleza na jaribio likathibitisha, mpeni. Asipoweza, ngojeni.

Mwenye swali na alilete, nami nikiwa silijui nitamtafuta ajuaye. Tuonane mwezi ujao, inshaallah.

Wassalaam.